Tulisema Tumeshiba

Neno linaweza kuua hata kama aliyelisema hakutaka mtu afe? Swali hili nimelipeleka kwa jirani, nikalipeleka kwa mchukuzi wa maji, na mwisho nilibaki nalo mbele ya ukuta. Wote walinijibu kwa adabu. Hakuna aliyenifokea wala kunifungia mlango. Laiti wangenifokea. Mtu anayekufokea unamjua, unaweza kumnyooshea kidole. Mimi nilizunguka mji na kidole changu, sikumpata wa kumnyooshea, nikarudi nacho nyumbani.

Naitwa Chausiku, ingawa tunakoishi hakuna usiku. Mchana nao haupo. Kuna wekundu tu, kama wa kiganja kilichoziba taa. Tunaishi ndani ya mwanamke. Jina lake hatulijui, na yeye hajui kwamba tuna majina. Akicheka tunatikisika. Akipanda ngazi, mto wa damu unakwenda mbio na sisi tulio kandokando yake tunashikana mikono. Wakati mwingine hulia, na hapo mji mzima hunyamaza, maana hatujui kama analia kwa ajili yetu. Ubavuni mwake upande wa pili, tunaambiwa, uko mji mwingine kama huu. Sijawahi kufika.

Mji wetu ni nyumba, na kila nyumba ni ya mwali mmoja. Amewekwa ndani, katikati kabisa, tangu kabla mwanamke mwenyewe hajazaliwa. Hili hulirudia moyoni na kila mara hunipa kizunguzungu: mwanamke alipokuwa bado tumboni mwa mama yake, wanawali hawa walikuwa wamekwisha wekwa ndani, kila mmoja ameanza kutamka neno lake, akaambiwa nyamaza, utalimalizia siku ya kutoka. Wakalala na nusu ya neno kinywani. Miaka ikapita juu yao. Mwanamke akaota meno, yakang'oka, akaota mengine, akavunja ungo, akapenda, akaachwa, akapenda tena, na wao wamelala na nusu ya neno. Nani basi mkubwa, nani mdogo? Nani anaishi ndani ya nani?

Kumzunguka mwali wako makungwi, wanawake wa ndani. Kazi yao ni kumlisha na kumliwaza, na kila kitu humpitishia kwa vidirisha vyembamba, kwa sababu mwali peke yake hawezi hata kujipikia. Nyuma ya makungwi kuna ukuta. Nje ya ukuta ndipo tulipo sisi. Mto wa damu unatupitia sisi, ndani hauingii. Kwa hiyo sisi huokota magome mtoni, tukayatwanga, tukayapenyeza ukutani, na makungwi huyageuza udi wakaufukiza. Moshi wa udi huo hupanda na mto hadi Juu, kichwani mwa mwanamke. Ndiyo salamu yetu. Ndivyo Juu wanavyojua kwamba tupo.

Mkuu wa makungwi katika nyumba yetu aliitwa Kidawa. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti, nzito kidogo, yenye kukwaruza, sauti ya mtu anayezungumza huku mikono iko kazini. Mwali wetu aliitwa Mize.

Niseme mapema kwamba katika mji huu kufa ndiyo desturi. Mwanamke alipozaliwa nyumba zilikuwa nyingi kupita kiasi. Alipovunja ungo zilizokuwa hai zilikuwa sehemu ndogo tu, na zile zilizoanguka hazikubomolewa na adui. Zilijibomoa. Kila msimu maji hushuka kutoka Juu, nyumba chache zinakua kwa haraka, mwali mmoja anatoka. Mmoja. Waliobaki hawarudi kulala, kwa kuwa aliyekwisha amshwa hana njia ya kurudi usingizini. Sheria hii niliijua tangu nilipowekwa ukutani. Niliijua kama vile kila mtu anavyojua kwamba atakufa, yaani bila kuiamini.

Msimu wetu ulipofika, Kidawa aligonga ukuta.

"Chausiku, maji yamefika."

"Yana ladha gani?"

"Nikwambieje? Kama mtu aliyelala na kiu, akaamka kumbe yuko katikati ya kunywa."

Nyumba ikapanuka. Makungwi wakaongezeka, safu juu ya safu, hata ukuta ukalazimika kunyooka na sisi wa nje tukasogea kuupisha. Katikati yao maji yakatuama pakawa bwawa. Kidawa aliniletea habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyenunuliwa kitu kipya.

"Tumepata bwawa, dada. Dogo, lakini unaweza kujitazama uso."

"Unafananaje?"

"Nimechoka," akasema, akacheka.

Siku nyingine alisema, "Mwali anauliza nani huyo anayetwanga nje."

"Mwambie ni shangazi yake."

Neno likapita kidirisha hadi kidirisha. Kisha Kidawa akarudi. "Anasema shangazi ana mikono mizito."

Tangu hapo, kila nilipoinua mchi nilimfikiria. Sikuwa na mtoto, na sisi wa ukutani hatupati watoto. Nilianza kutwanga kwa mahadhi, ili asikie kwamba ni mimi na si mwingine.

Tulifukiza udi kama nyumba yenye harusi. Na jirani yetu, nyumba ya Bi Mwanakheri, nayo ikafukiza. Udi wao ulikuwa mzito kuliko wetu. Nyumba yao ilitangulia kidogo kukua, sijui kwa nini. Labda ilikuwa karibu zaidi na mto, labda milango yao ya kupokea maji ilikuwa mingi zaidi, labda hapakuwa na sababu yoyote. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo sana. Ungewaweka Mize na mwali wao pamoja usingejua yupi atabaki.

Ndipo Kidawa alipogonga na kuuliza, "Huko nje mto umekauka?"

"Mto uko vilevile."

"Basi ni maji ya Juu. Yamepungua."

"Sana?"

Alisema, "Naanza kuisikia ile sauti nyingine."

Hapa lazima nieleze. Kila mmoja wetu amezaliwa na sauti mbili kifuani. Moja husema subiri. Nyingine husema basi. Zinakaa chumba kimoja, zimeshikana mikono, na maadamu subiri ina nguvu, basi haiwezi kusogea. Tena kila mmoja wetu ana kisu, kimeshonewa ndani ya pindo la kanga yake tangu siku ya kwanza, kimefungwa ndani ya ala. Hakuna mgeni aliyetuletea visu hivyo. Ukimuuliza mama yako atakwambia ni desturi, kila mwenye mwili anacho. Subiri ikinyamaza, basi inasimama, uzi wa pindo unafumuka wenyewe. Na kwa makungwi wa ndani, chakula cha subiri ni maji ya Juu.

Nikamwambia Kidawa anishikie mchi wangu, kwa mzaha tu, na nikafuata mto hadi kwa jirani.

Nyumba ya Bi Mwanakheri ilikuwa imetuna hadi ukingo wa mji umebenuka. Harufu ya udi ilinikaba koo. Wanawake wa ukutani kwake walinipisha, wakanionyesha mahali ambapo sauti inapita.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Chausiku, wa ukutani kwa kina Mize."

"Karibu, dada. Uniwie radhi sikukaribishi ndani, unauona ukuta wenyewe."

"Bi Mwanakheri, nimekuja kuomba. Punguzeni udi."

"Tupunguze udi?"

"Moshi wenu ukifika Juu wanafunga maji. Nyinyi hata matone yanawatosha, milango yenu ni mingi. Sisi hayatutoshi."

Nilisikia nyuma yake makungwi wake wakiimba kitu, wimbo wa kumwogesha mwali.

"Dada," akasema, "sisi hatukuomba mfe. Udi wetu unasema tumeshiba, hauna neno jingine. Mtu akishiba asiseme alhamdulillahi?"

"Aseme. Lakini aseme polepole."

"Haya, tuseme tumenyamaza. Juu wanafungua, maji yanakuja, nyumba yenu inakua, udi wenu unapanda. Siku hiyo mimi nikija ukutani kwako nikakwambia, Chausiku, punguza, utapunguza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikamfikiria Mize, amelala miaka yote ile, ameamka, ameuliza habari za mikono yangu.

"Sijui," nikasema.

"Ahsante kwa kutonidanganya. Nami ningejibu hivyohivyo."

Tuliagana vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza njiani, kwamba tuliagana vizuri.

Nikashuka mtoni. Wachukuzi wa maji ya Juu hupita hapo wakifuata mkondo, na mmoja wao, Makame, mzee mwembamba mwenye mabega yaliyopinda kwa kubeba, alikuwa amesimama kwenye kona kupumzika. Nikachungulia ndoo yake. Maji yalikuwa chini, hayafiki hata robo.

"Mbona kidogo hivi?"

"Nimepewa kidogo, nimeleta kidogo."

"Nani anayekupa?"

Makame alinitazama kwa huruma. "Bibi, watu wengi wa huku chini hudhani Juu kuna mtu. Sultani, au mama mkali. Wengine humwomba. Mimi nimefika. Hakuna mtu. Kuna pua na kuna mkono. Pua ikinusa udi mwingi, mkono unafunga. Ikiukosa, mkono unafungua."

"Na katikati ya pua na mkono?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna hata mmoja anayefikiri?"

"Afikiri nini?" Alisema kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. Kisha, nadhani kwa kuuona uso wangu, akaongeza, "Nasikia wako wanawake wanaopigwa sindano. Maji yanaingia kwa wingi kutoka nje, hayapiti kwa ile pua. Nyumba zote zilizoamka zinakua, hakuna inayoachwa."

"Na huyu wetu?"

"Huyu wetu sijaona sindano."

"Ningoje?"

"Kungoja si vibaya," akasema Makame, akatwika ndoo yake.

Nikangoja. Kila wimbi la damu lilipopita nililinusa. Mwanamke alikula kitu kichungu, nikasema ndiyo hiyo. Alilala, aliamka, alipandwa na hasira mchana mzima kwa jambo ambalo hatukulijua, akatulia. Sindano haikuja. Kama kungekuwa na sultani ningepanda kwake. Ningelala kizingitini pake mpaka anione. Ningemtukana, na matusi yangu yangepata pa kutua. Lakini pua utaitukanaje? Mkono usio na mwenyewe utaubembelezaje? Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba amri ina mwenye amri, kama kivuli kilivyo na mti. Hapa palikuwa na kivuli, kirefu, kimetufunika sote, na nilipogeuka kuutafuta mti nikaona uwanda mtupu. Tena nilipolitazama jambo hili kwa kina zaidi nikaona kitu kibaya kuliko hicho. Udi uliofunga mkono ule haukuwa wa Mwanakheri peke yake. Nyumba yetu ilifukiza pia. Magome niliyatwanga mimi, kwa mikono hii mizito, kwa mahadhi, nikitaka mwali asikie. Moshi hauna jina la nyumba ukishafika Juu.

Niliporudi ukutani, Kidawa hakugonga. Alikwaruza kwa kucha.

"Wameanza," akasema.

"Nani?"

"Walio karibu na bwawa. Wadogo zetu wale, wa safu ya mbele."

"Wanafanya nini?"

"Wanabishiana hodi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na kwa hiyo nikaogopa. "Mmoja kasikia basi kifuani. Akamgeukia mwenzake, akasema hodi. Mwenzake akasema karibu. Naye papo hapo pindo lake likafumuka."

"Waambie wasiitikie."

"Chausiku. Mtu akikubishia hodi utanyamaza? Ndivyo tulivyolelewa?"

"Na visu? Wanamchoma nani?"

"Hawamchomi mtu. Kila mmoja anajikata mwenyewe, taratibu, kama fundi anayekata kitambaa. Anakata nyuzi zinazomshikilia, kisha anajikunja, anajifunga vifurushi vidogovidogo. Hakuna damu. Hakuna kinachomwagika. Aliye karibu naye anavipokea vile vifurushi, anavila, halafu naye anaanza."

"Wanalia?"

"Hawalii. Wanafanya kama kazi ya nyumbani. Kama watu wanaokunja nguo jioni, mvua inakaribia."

Nikaweka kipaji cha uso ukutani. Ulikuwa bado una joto.

"Mize anajua?"

"Hajui. Vidirisha vinafungwa kimoja kimoja. Ameuliza mbona chakula kinachelewa. Nimemwambia mpishi amechoka."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli upi? Akiniuliza nani kamfanyia hivi, nimtaje nani? Wewe uliyekwenda huko, umerudi na jina?"

Sikuwa nimerudi na jina. Nilimwambia aliyosema Mwanakheri na aliyosema Makame, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tumeshiba," akasema. "Kumbe ni hilo tu."

"Wewe sasa unasikia sauti ipi?"

"Subiri bado ipo. Inanong'ona, kama mtu aliye chumba cha tatu. Nikinyamaza naisikia."

Basi tukanyamaza, ili aisikie. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Wekundu wetu hauna saa. Mahali fulani juu yetu mwanamke alikuwa anaongea na mtu na kucheka, na kila kicheko kilikuja kama ngurumo ya mbali. Halafu kutoka nyuma ya Kidawa nikasikia sauti nyembamba ya msichana ikisema, "Hodi."

"Kidawa," nikasema, "usiitikie."

"Ni Mosi."

"Najua. Usiitikie."

"Nimemlea mwenyewe, Chausiku. Amesimama hapa, hana hata pa kushika."

"Kidawa."

"Karibu, mwanangu," akasema Kidawa, na hakuwa ananiambia mimi.

Baada ya hapo nilisikia sauti ya kitambaa kikikunjwa. Ilidumu kwa muda, safu baada ya safu, tulivu, hodari, bila pupa. Halafu hata hiyo ikaisha.

Nilibaki nimeegemea ukuta. Wenzangu wa nje waliniita tukaoshe mikono mtoni, nikawaambia watangulie. Na hapo ndipo niliposikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia maishani mwangu, kavu, yenye kutu, sauti ya kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Kuna mtu?"

"Yupo," nikasema. "Ni shangazi."

"Wa mikono mizito?"

"Huyo."

"Wote wamekwenda wapi?"

Nilikuwa nimemwambia Kidawa amwambie ukweli. Sasa ilikuwa zamu yangu. "Wamekufa, Mize."

"Kidawa alisema mpishi amechoka."

"Hakutaka uogope."

"Siogopi. Nina njaa. Huko nje kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza mto, rangi yake na jinsi unavyopiga kama ngoma. Nilimweleza wachukuzi na ndoo zao, nyumba zilizolala, magofu yaliyogeuka makovu meupe. Nikamweleza kwamba yuko mwanamke, kwamba anacheka, kwamba ngazi zinamchosha.

"Na mimi nilikuwa nitoke niende kufanya nini?"

"Ungekutana na mtu njiani. Nyote wawili mngepotea, mngetokea kuwa mtu mwingine. Ndivyo wanavyosema."

"Mwanamke angenijua?"

"Angekupa jina. Si Mize. Lingine."

Aliwaza. Niliweza kumsikia akiwaza, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu kabisa na hapakuwa na sauti nyingine yoyote ndani.

"Shangazi, makungwi hawapo tena. Hakuna wa kuniambia ninyamaze."

"Hakuna."

"Basi nitalimaliza."

Akalimaliza. Lile neno aliloanza kabla mwanamke hajazaliwa, ambalo alilala nalo miaka yote, alilitamka hadi mwisho, pale ndani, akiwa peke yake, mbele ya ukuta. Nililisikia. Siwezi kulirudia, maana halikuwa na umbo ambalo ulimi wangu unaweza kulishika. Lilikuwa nusu ya mazungumzo. Lilisimama likingoja nusu nyingine kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Nilisema tu, "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia." Hakusema tena.

Wafagiaji walikuja na mto. Ni watu wakimya wenye matumbo makubwa, hawana ubaya. Waliingia, wakala kilichobaki, wakanyonya bwawa, na ukuta ukajikunja polepole mpaka ukawa kovu. Sisi wa nje hatukufa. Tunakunywa maji mengine, subiri yetu hulishwa kwingine. Tulibaki tumekaa juu ya kovu lile, watu wa ukutani wasio na ukuta, na wengine wetu tukaendelea kutwanga magome kwa kuwa mikono haikujua kazi nyingine. Hakuna aliyetukataza. Hakuna aliyetuamuru.

Nyumba ya Bi Mwanakheri ilipasuka muda mfupi baadaye. Mji ulitetemeka, mwanamke akashika ubavu akaguna, na mwali wao akatoka. Walioshuhudia wanasema alitoka akiwa amezungukwa na makungwi wachache waliomng'ang'ania, na kwamba alipofika mlangoni alisita. Mwanakheri na wengine walibaki ndani ya nyumba iliyopasuka. Wakabadilika. Wakanenepa, wakawa rangi ya manjano, wakaanza kufukiza udi wa aina nyingine, wa kuandalia chumba cha mgeni. Hiyo ndiyo kazi ya nyumba iliyoshinda: kungoja habari. Mwali akikutana na mtu njiani na mgeni, yule mtu mwingine watakayegeuka kuwa, akafika salama, habari hurudi na mto, na wale wa manjano huishi. Habari isipokuja, hawana chao.

Bi Mwanakheri aliniita yeye mwenyewe. Ukuta wao ulikuwa umeraruka, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mwanamke wa ndani. Alikuwa na uso wa mviringo, macho makubwa. Alikuwa mdogo kwangu. Sikuwa nimelitegemea hilo.

"Umesikia habari yoyote mtoni?" akauliza.

"Hapana."

"Hata Makame?"

"Makame anasema siku ile mwanamke alikuwa anafua nguo. Alifua, akaanika, akapika, akalala. Hapakuwa na mtu."

"Kwa hiyo mwanangu alikaa njiani peke yake."

"Ndiyo."

"Muda mrefu?"

"Wanasema si mrefu. Kama siku moja."

Alitikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kanga, na niliuona uzi umeanza kulegea. Aliona kwamba nimeuona.

"Una haki ya kunitukana, dada."

"Ninayo."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyatwanga pamoja na magome, siku baada ya siku, yamelainika, tayari kumrushia. Nikafungua kinywa yasitoke. Sikuwa nimemsamehe, na hata sasa sijui kama kuna kosa la kusamehe. Nilikuwa natazama uzi ule tu, unavyofumuka tundu baada ya tundu, na yeye anavyojaribu kuubana kwa vidole.

"Wenzako walifanyaje?" akauliza kwa sauti ya chini, ili makungwi wake wasisikie. "Yule Kidawa alifanyaje? Watanitazama mimi kwanza, na mimi sijui pa kuanzia."

Nikaingia kupitia pale ukuta uliporaruka. Nikakaa chini mbele yake.

"Anza pembeni," nikamwambia. "Kama kanga iliyokauka. Vuta ncha hii ije huku. Usifanye haraka, kitu kisimwagike, walio karibu nawe wasichafuke."

"Hivi?"

"Hivyo. Ikaze kidogo."

Ncha ikamponyoka. Nikaishika mimi, nikasogea, nikauchukua upande wa pili, maana kanga haikunjwi vizuri na mtu mmoja.